Vipele vyeupe usoni: namna ya kuvitambua na kuvitibu bila kuharibu ngozi

Vipele vyeupe vya usoni si ugonjwa mmoja. Vipo visivyohitaji dawa kabisa, vipo vinavyotaka krimu kwa wiki 12, vipo ambavyo mtaalamu hutoa kwa sindano ndani ya dakika chache, na vipo vichache vinavyopaswa kukupeleka kupima damu. Dawa inayoponya aina moja yaweza kuichochea nyingine. Kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe tatizo hili lina sura yake: baridi kavu inayowafanya wapake mafuta mazito, jua kali la mwinuko ambalo ubaridi hulificha, na krimu zisizo na lebo zinazouzwa kwa kupimiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kutambua.

Jikague kwanza

Nawa uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, kisha kaa dakika 15 bila kupaka chochote. Simama kando ya dirisha mchana. Mwanga unaotoka ubavuni huonyesha kipele kilivyoinuka, ilhali balbu ya darini hukificha. Kamera ya simu ikisogezwa karibu itakuonyesha hata usichokiona kwenye kioo.

Vuta ngozi kwa vidole viwili mpaka itanuke. Kipele kikibaki cheupe, cha duara, chenye mpaka ulio wazi, huenda ni punje ya keratini. Kikiwa na rangi ya ngozi au weupe hafifu, na kikaonekana vizuri zaidi ngozi inapovutwa, fikiria chunusi iliyofunga. Pitisha ncha ya kidole: ni kigumu au kinabonyea? Kina kishimo katikati? Kinawasha? Halafu kumbuka kimekaa palepale kwa muda gani, na mwezi mmoja au miwili kabla hakijatokea ulianza kupaka nini. Swali hilo la mwisho usiliruke, maana mara nyingi jibu lote limo humo.

Punje za keratini

Kitabibu huitwa milia, na ndizo wengi wanazomaanisha wanaposema vipele vyeupe. Ni vifuko vya milimita 1 hadi 2, vigumu, visivyouma wala kuwasha, vinavyokaa chini ya macho, kwenye kope, mashavuni na puani. Ndani hamna usaha wala mafuta. Mna keratini, ile protini ngumu inayotengeneza kucha na nywele. Ngozi kwa kawaida hupukutisha chembe zake zilizokufa kila siku. Hapa chembe hizo zimenaswa chini ya tabaka la juu zikajikusanya kuwa donge. Kwa kuwa kifuko hakina tundu la kutokea nje, kukiminya hakutoi kitu. Kinachoumia ni ngozi inayokizunguka, na kwa ngozi nyeusi jeraha dogo kama hilo huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi.

Punje nyingine hujitokea zenyewe, hata kwa mtu anayejitunza vizuri. Nyingine hufuata jeraha: kuungua kwa mvuke wa sufuria au kwa uji, malengelenge, kukwangua ngozi, kuchomwa na jua kwa miaka, au kupaka krimu za steroidi, dawa za kuzima uvimbe, muda mrefu. Za jeraha huota palepale penye kovu, wiki au miezi baada ya kidonda kufunga. Mzazi ambaye mtoto wake aliungua jikoni, akaona punje nyeupe kwenye kovu lililokwisha kupona, asidhani kidonda kinatunga usaha upya. Usaha huja na maumivu, joto na uvimbe; punje hizi hazina hata kimoja.

Punje ya keratini haina madhara. Haiambukizi na haisambai kwa kuguswa. Kuiacha ilivyo ni uamuzi halali, na kwa walio na punje mbili tatu huo ndio ushauri wetu wa kwanza.

Chunusi zilizofunga

Hizi hukaa panapotoka mafuta: paji, pua, kidevu, na mashavu upande wa ndani. Tundu la kinyweleo limezibwa na mafuta na chembe zilizokufa, na juu pamefunikwa na ngozi nyembamba. Huwa nyingi kwa pamoja, uso ukipapaswa unakwaruza, na jirani yake huwapo vichwa vyeusi au chunusi nyekundu zinazouma. Zikiachwa, baadhi huvimba na kuiva. Hapo ndipo tofauti na punje za keratini inapokuwa kubwa, kwa sababu chunusi hutibiwa mapema ili zisije zikaacha makovu.

Zikipangana kwenye mstari wa nywele na juu ya paji, angalia kwanza mafuta ya nywele na yale ya kusukia. Hushuka kwenye ngozi usiku, hasa mtu akilala na kilemba au kofia ya sufu kwa ajili ya baridi.

Zinazofanana nazo

Vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vilivyotapakaa kwenye paji, kifuani na mgongoni, mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo. Huzidi kwa jasho, nguo nzito, na baada ya kumeza antibayotiki. Mtu akipewa dozi nyingine ya antibayotiki akidhaniwa ana chunusi, vipele huongezeka. Kuwasha ndiko kunakovitofautisha: chunusi huuma zaidi kuliko kuwasha.

Vipele vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati na ukubwa wa milimita 2 hadi 5, husababishwa na kirusi. Kitabibu huitwa moluskamu. Huambukiza kwa kugusana, kwa taulo na kwa wembe. Tutavirudia hapa chini kwa kuwa vina uzito wake.

Chunjua bapa ni vidogo, bapa, vya rangi ya ngozi au kahawia. Alama yao ni kujipanga kwenye mstari pale wembe au kucha ilipopita. Vinundu vya rangi ya ngozi vilivyokusanyika chini ya macho kwa mtu mzima, visivyobadilika miaka nenda miaka rudi, mara nyingi ni uvimbe mdogo wa vifereji vya jasho. Krimu haziviondoi, na mtu hupoteza fedha nyingi akivikazania. Mabaka ya manjano kwenye kope karibu na pua yanahitaji kipimo cha mafuta kwenye damu kabla ya kufikiria urembo.

Baridi, jua na mafuta tunayopaka

Kati ya Juni na Agosti hewa ya Makambako, Njombe, Mafinga na Uyole huwa baridi na kavu, na upepo huipausha ngozi. Watu huoga maji ya moto sana, ambayo huondoa mafuta ya asili, kisha huziba ukavu huo kwa mafuta ya mgando mazito asubuhi na jioni, mara nyingi juu ya uso uliokwisha pata vumbi. Mafuta ya mgando yenyewe si adui. Ni kinga nzuri ya midomo, mikono na mashavu yaliyopasuka. Tatizo ni kuyapaka mazito kwenye paji lenye chunusi na kuzunguka macho, bila kunawa kwanza, na kuongeza tabaka juu ya tabaka la jana.

Mafuta ya nazi huziba vinyweleo vya uso kwa watu wengi. Mafuta ya parachichi yanayotoka Rungwe na Njombe ni mazuri kwa visigino, magoti na viwiko, lakini kwa uso wenye chunusi ni mazito. Alizeti yaliyochujwa vizuri ni mepesi zaidi: matone 2 au 3 yakisuguliwa viganjani na kupakwa uso ungali na unyevu yanatosha. Losheni isiyo na manukato, yenye gliserini, ndiyo tunayoipendelea kwa mtu mwenye vipele, na huuzwa karibu kila famasia.

Jua nalo lisisahauliwe na yeyote. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inayounguza inavyoongezeka, kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Ubaridi haupunguzi mionzi hiyo. Anayevuna viazi Makete saa sita mchana akiwa amevaa sweta anachomwa na jua kuliko anavyohisi. Jua hunenepesha tabaka la juu la ngozi, hulea punje za keratini kwa miaka, na huyakoleza madoa yanayobaki baada ya vipele kupona. Kofia yenye ukingo wa sentimita 8 au zaidi na krimu ya kuzuia jua ya kipimo cha SPF 30 kwenda juu ni sehemu ya matibabu. Kiasi kwa uso na shingo ni mistari miwili inayojaza kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka kidogo zaidi ya hapo, kinga hupungua sana.

Mkorogo na krimu za kung'arisha

Hapa tunasema bila kuzunguka: krimu nyingi zinazosifiwa kuondoa vipele ndani ya siku tatu zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethazoni. Siku za mwanzo uso hutulia kweli, kwa sababu steroidi huzima uvimbe. Baada ya wiki au miezi ngozi hukonda, mishipa hujitokeza, nywele huota usoni, chunusi zilizolingana ukubwa hutapakaa, na punje za keratini huongezeka. Mtu akiacha siku mbili uso unawaka, anarudi kupaka, na mzunguko unaendelea. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, lakini mchanganyiko unaopimwa kwenye kikopo kisicho na jina huwezi kujua una nini ndani.

Aliyetumia krimu ya namna hiyo usoni kwa miezi asiiache kwa ghafla peke yake. Aende kwa mtaalamu na kikopo au tyubu yenyewe mkononi, apangiwe namna ya kupunguza. Ajue mapema kwamba uso unaweza kuwaka na kuvimba kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Hiyo si dalili kwamba krimu ilikuwa inamfaa. Katika kipindi hicho uso unahitaji vitu vichache sana: maji, sabuni laini, losheni isiyo na manukato na kinga ya jua. Asianze dawa ya chunusi wiki hiyohiyo.

Matibabu ya nyumbani

Mpango ufuatao unafaa kwa chunusi zilizofunga, na husaidia baadhi ya punje za keratini zilizo nyingi, mbali na kope.

1. Asubuhi, nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya uso kwa sekunde 30 hadi 60. Sabuni ya mche na ya magadi ni kali mno kwa uso. Kausha, paka losheni nyepesi, halafu kinga ya jua.

2. Jioni, nawa tena, ukianza kwa kuondoa poda na vipodozi. Subiri dakika 20 uso ukauke kabisa. Dawa ikipakwa kwenye ngozi yenye unyevu huingia kwa kasi na kuunguza.

3. Chukua adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya chunusi ya kupaka, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Weka nukta kwenye paji, mashavu, pua na kidevu, kisha sambaza. Usiguse kope, pembe za midomo wala mikunjo ya pua. Usipake juu ya kipele kimoja kimoja; dawa hii huzuia vinavyokuja chini kwa chini, hivyo hupakwa eneo zima.

4. Wiki mbili za kwanza, paka usiku mara mbili tu kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Baada ya hapo kila usiku kama ngozi inavumilia. Msimu wa baridi tunashauri kupaka losheni kwanza, kungoja dakika 10, ndipo dawa ifuate.

5. Jipime baada ya wiki 8, na uamue baada ya 12. Wiki tatu au nne za mwanzo vipele huweza kuongezeka na ngozi kupukutika kidogo. Wengi huacha hapo, wakati dawa ndiyo kwanza inaanza kazi.

Tretinoini ya asilimia 0.025 hufanya kazi ya aina hiyohiyo lakini huwasha zaidi. Zote mbili asizitumie mjamzito wala anayetarajia kubeba mimba. Kwake asidi ya azelaiki ya asilimia 10 hadi 20 ni mbadala mzuri, na inapunguza pia madoa meusi. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ni hatua nyepesi kwa anayeanza, mara moja kwa siku au siku mbilimbili. Benzoili peroksaidi ni ya chunusi zilizovimba na kuiva, si ya punje za keratini. Asilimia 2.5 hadi 5 inatosha. Ya 10 huunguza zaidi bila faida ya maana. Inapausha rangi za taulo, foronya na kola za shati, basi itafutie foronya nyeupe.

Makosa yanayoharibu mpango huu ni yaleyale. La kwanza ni kuanza dawa tatu siku moja: ngozi ikiwaka hujui ipi imeiwasha. La pili ni kuongeza kiasi ili kupona haraka. Njegere mbili huleta maganda na weusi, haziongezi kasi. La tatu ni kusugua kwa sukari, kahawa au mchanga. Punje ya keratini imefunikwa na ngozi, kwa hiyo kusugua hakuifikii, kunachubua juu tu. Dawa ya meno na spiriti huunguza. Ndimu ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yake yakikutana na jua huchoma ngozi na kuacha weusi wa mabaka unaodumu muda mrefu.

Kwa fangasi wa vinyweleo, njia ni tofauti kabisa. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 ipakwe kwenye paji, kifua na mgongo wenye vipele, ikae dakika 5, isuuzwe vizuri isiingie machoni. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa wiki kuzuia isirudi. Acha mafuta ya nazi na mengineyo ya mimea katika kipindi hicho, kwa kuwa fangasi huyo hula mafuta.

Kutoa punje kwa sindano

Hii ndiyo tiba ya haraka ya punje za keratini, na ni kazi ya mtaalamu. Tunaieleza ili ujue unachostahili kufanyiwa, na ukatae ukiona kingine. Mtoa huduma ananawa na kuvaa glovu mpya, anasafisha eneo na kuliacha likauke. Anafungua sindano mpya mbele yako. Ncha inaingizwa kwa ulalo, karibu sambamba na ngozi, na kufungua mwanya mdogo tu juu ya punje. Kisha anasukuma polepole kwa kifaa cha kutolea au kwa vijiti viwili vya pamba. Hutoka kijidonge cheupe kigumu, kikizima. Damu ni tone au hakuna. Pamba inashikiliwa kwa dakika moja, halafu tabaka jembamba la mafuta ya mgando. Vipodozi visubiri saa 24, na kinga ya jua iendelee kwa wiki kadhaa.

Ncha ikizama kwa wima hugusa tabaka la chini, na hapo ndipo makovu hutokea. Punje ikiminywa bila kufunguliwa hupasukia ndani, na palipokuwa na kijipele pakawa uvimbe mwekundu. Sindano au kifaa kilichotumika kwa mteja mwingine huweza kupitisha homa ya ini ya aina B na VVU, na kufuta kwa spiriti hakutoshi kukitakasa. Saluni zinazotumia kile kijichuma kimoja kwa wateja wote wa siku zikwepwe, hata kama ni za marafiki. Punje za kwenye kope na ukingo wa jicho zisiguswe na mtu yeyote isipokuwa daktari wa macho au wa ngozi. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua, keloidi, aseme kabla.

Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize kama yupo tabibu aliyesomea ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha matabibu wanaofanya kazi hospitali mbalimbali nchini. Kwa rufaa, Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda, na Iringa na Njombe zina hospitali za rufaa za mikoa.

Mtoto mchanga

Karibu nusu ya watoto wachanga huzaliwa na punje nyeupe puani na mashavuni. Huisha zenyewe ndani ya wiki chache, mara chache miezi miwili mitatu. Mwoshe kwa maji safi, umkaushe, basi. Hakuna kuminya, hakuna mafuta mazito, hakuna dawa ya mtu mzima.

Punje kama hizo huonekana pia kwenye ufizi na kaakaa la mtoto mchanga. Ni keratini ileile, na hupotea. Tunawasihi bibi na mama wasikubali mtu azikate au azichokonoe akidai ni meno ya plastiki. Kuchokonoa ufizi kumesababisha kutokwa damu, maambukizi na vifo vya watoto, na huharibu meno yanayotakiwa kuota. Mtoto anayeharisha au mwenye homa anahitaji zahanati siku hiyohiyo, maana ugonjwa wake hautoki kwenye ufizi.

Malengelenge yenye maji, vipele vya usaha, homa, au mtoto kukataa kunyonya katika mwezi wa kwanza ni dharura.

Vyenye kishimo katikati

Kwa mtoto mwenye afya, moluskamu huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 18. Aendelee na shule. Awe na taulo lake, asikune, na kucha zikatwe.

Kwa mtu mzima mambo hubadilika. Vipele hivyo vikiwa vingi usoni, au vikubwa kuliko kawaida, ni sababu ya kupima VVU mapema. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi nchini, na kipimo hutolewa bure vituo vya serikali. Kinga ya mwili ikipanda kwa dawa za kufubaza VVU, vipele hupungua na kwisha, japo miezi ya kwanza vinaweza kuvimba kidogo kwanza. Lakini vipele vya namna hiyo vikiambatana na homa, kuumwa kichwa kusikoisha, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa, usisubiri kesho. Kuna fangasi anayeshambulia ubongo ambaye huleta vipele vinavyofanana na moluskamu kabisa, na kuchelewa kwa siku chache kunaua.

Mwenye moluskamu au chunjua bapa aache kunyoa uso kwa wembe mpaka apone. Kila mpito wa wembe hupanda mbegu mpya. Akienda kwa kinyozi aende na mashine yake.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja wiki 12

Kipele kinachotoka damu, kinachokua, au kidonda kisichopona kwa wiki 4. Kwa mtu mwenye ualbino hili ni la haraka zaidi, kwa kuwa saratani ya ngozi huanza kama kipele kidogo kinachong'aa au gamba lisilobanduka, na ikikatwa mapema hupona. Vinundu masikioni na usoni pamoja na ganzi mikononi au miguuni: pima ukoma, ambao tiba yake ni ya bure. Vinundu puani na mashavuni kwa mtoto mwenye degedege au kifafa: mwonyeshe daktari vyote viwili pamoja, asitibiwe kifafa peke yake. Uvimbe wenye usaha kati ya pua na jicho: usiuminye kabisa, maana mishipa ya hapo huelekea ndani ya fuvu.

Ukienda, chukua kila kitu unachopaka, pamoja na mafuta ya nywele, hata vile unavyoona haya kuvitaja. Uso usiwe na poda. Beba picha za simu za wiki zilizopita zenye tarehe, zilizopigwa dirisha lilelile na saa ileile, kwa sababu mtaalamu akiona vipele vilivyoongezeka au kupungua ataamua kwa uhakika zaidi kuliko kwa kukuangalia siku moja.